Nilidhani 'charge' ni ya simu tu

Neno hili limenilisha miaka mingi, na neno hili hili ndilo lililotupokonya mashine ya boti. Ninaandika juu yake kwa sababu najua yupo dada mwingine mahali fulani, Kasulu au Uvinza au Urambo, ambaye ukoo mzima humletea karatasi za Kiingereza azisome kwa kuwa tu alipata C ya Kiingereza kidato cha nne.

C yangu niliipata 2011. Mwaka uliofuata nikafungua kibanda cha kuchaji simu Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, pale boti za abiria zinapoondokea kwenda vijiji vya mwambao hadi karibu na mpaka wa Burundi. Enzi zile mji wenyewe ulikuwa unaishi kwa majenereta ya dizeli, na huko vijijini hata hayo hayakuwepo. Mtu alishuka kwenye boti na simu za nyumba nzima kwenye mfuko wa rambo, tano au sita, kila moja imefungwa uzi wa nyavu wa rangi yake ili zisichanganyike. Nilikuwa na sola mbili, betri ya gari, na ubao ulioandikwa CHAJI SIMU 300. Kwangu neno lilikuwa limekamilika: maana moja, bei moja.

Kosa la kwanza lilinipa faida, ndiyo maana sikujifunza kitu. Mzungu mmoja mwenye kamera shingoni alisimama mbele ya kibanda akaniuliza, "Do you charge for photos?" Nikasikia 'charge', nikasikia 'photos', nikajua kamera imeisha moto. "Yes, yes, charge!" Akauliza ngapi, nikamwonyesha vidole vitatu. Akatoa elfu tatu. Kisha akaanza kupiga picha: boti, nyavu, dagaa waliokuwa wameanikwa mchangani, mama aliyekuwa anawageuza, na mimi mwenyewe nikiwa nimenyoosha mkono nasubiri anikabidhi kamera niichomeke. Akashukuru, akaenda zake.

Yule mama wa dagaa alinijia juu. Kwa nini nimeuza sura yake bila kumwambia? Nikamkatia elfu moja, hakuridhika, na mpaka leo hunisalimia kwa mdomo tu. Mzungu alikuwa anauliza kama tunatoza pesa kwa kupigwa picha. Sisi tuna kutoza na tuna kuchaji, kila kimoja na chungu chake. Kiingereza kimevipika pamoja.

Mwaka 2013 nahodha mmoja tunayemwita Mjomba, ingawa si mjomba wa mtu yeyote pale ufukweni, alipata wageni watatu wa kwenda Gombe, akaniomba niende kama mpishi na mkalimani. Njiani mama mmoja kati yao alikuwa anasoma kijitabu kwa sauti, akafika mahali palipoandikwa kwamba mgeni akibahatika ataona "charging display". Wenzake wakafurahi. Mimi pia nikafurahi, tena kuliko wao. Mtu wa biashara ya simu anajua vizuri 'display' ni nini: ni kile kioo ambacho fundi anakwambia kimekufa, lete elfu thelathini. Na 'charging' ndiyo kazi yangu. Nikamwambia Mjomba kwamba hifadhini wameweka mtambo wa kisasa wa kuchajia, wenye kioo. Simu yangu ilikuwa imebaki moto kidogo, nikaizima kuutunza mpaka tufike.

Saa nne hivi tulikuwa kwenye mteremko, tumekaa kimya tunawatazama sokwe watano sita wanachambuana manyoya. Ghafla dume moja likasimama. Manyoya yakatimka mpaka likawa kubwa mara mbili ya dakika iliyopita. Likaanza kuyumba na kuguna, sauti ikapanda, likavunja tawi na kulikokota, likashuka mteremko kuja kwetu huku linapiga mashina ya miti kwa mikono na miguu. Muongoza wageni alisema kwa Kiswahili, polepole kama mtu anayeagiza chai, "Kaeni karibu na mti. Msikimbie. Anajitutumua tu." Likatupita hatua chache, likatupa tawi, likakaa chini na kuanza kujikuna kana kwamba halikuwa lenyewe.

Mama wa kijitabu akanigeukia, macho yanang'aa, "That was it! The charging display!"

Muongoza wageni alicheka sana nilipomweleza nilichokuwa nimetegemea. Akanieleza kwamba ndivyo madume yanavyogombea cheo. Hayapigani kila siku, bali hukimbia kwa vishindo ili wengine waogope. Akanisimulia habari za dume liitwalo Mike, lililokuwa Gombe wakati Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, bado mgeni pale, maana alifika 1960. Mike halikuwa kubwa wala halikuwa na cheo. Likagundua madebe matupu ya mafuta ya taa pale kambini, likawa linayasukuma na kuyagonganisha mbele yake huku linakimbia. Madume makubwa yalikuwa yanatawanyika. Mwaka 1964 likawa ndilo bwana mkubwa, bila kupigana sana, kwa kelele za madebe tu. Simulizi hiyo naipenda kuliko zote ninazozijua za Gombe, na wapo wanaume hapa ufukweni ninaowaita Mike bila wenyewe kujua kwa nini.

Basi nikawa na maana tatu: umeme, bei, na kumjia mtu mbio kwa nia ya kumtisha au kumvamia. Nikajiona nimemaliza. Kuna siku niliwasomea wavuvi kichwa cha habari, "Charges dropped", nikawatangazia kuwa tozo zimeshuka. Watu wakapiga makofi, mmoja akaagiza chai kwa wote. Habari yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefutiwa mashtaka. Aliyeagiza chai alinidai pesa yake, na kwa haki kabisa.

Hayo yote ni ya kuchekesha. La mama mdogo halichekeshi.

Mwaka 2016 mama mdogo alifanyiwa operesheni mjini. Kijiji chake kiko kaskazini ya Gombe, barabara hakuna, ni boti tu. Jumamosi asubuhi yule aliyekuwa anamuuguza, shemeji yetu, aliambiwa jambo na nesi kuhusu kumaliza malipo dirishani, hakuelewa kama ni la siku ile au la kesho, akaona aibu kuuliza mara ya pili. Akapiga picha ukurasa wa juu wa kadi, akanitumia. Boti ilikuwa imeshajaa, nahodha ananiuliza kama awasubiri wagonjwa wangu au ang'oe. Nikasoma: "Wound clean and dry. No discharge."

'Discharge' nililijua. Kila mtu anayeuguza ndugu analijua, ni kuruhusiwa kwenda nyumbani. Na hapo limeandikwa 'no'. Nikamwambia nahodha, "Hajaruhusiwa. Nenda."

Mama mdogo alikuwa ameruhusiwa tangu saa mbili asubuhi. Maneno yale yalikuwa yanazungumzia kidonda: ni kisafi, kikavu, hakitoi usaha. Ilikuwa habari njema kabisa, nami nikaigeuza kifungo. Kesho yake Jumapili, boti hakuna. Wakalala gesti siku mbili, elfu kumi kila usiku, chakula, bodaboda, na mtu mwenye mshono anapanda ngazi za gesti. Jumla elfu arobaini na tano ambazo hazikuwa kwenye hesabu, na huko kijijini chikichi zake zilizokuwa zimeshakatwa zikaharibika kabla ya kukamuliwa mawese. Mama mdogo hakunilaumu. Alisema tu, "Wewe mwanangu umesoma, sisi tungejuaje?" Sentensi hiyo iliniuma kuliko tusi.

Ningekuwa na akili ningejifunza pale pale jambo moja dogo: kabla ya kutafsiri neno, angalia sentensi inamzungumzia nani au nini. Sentensi ile ilikuwa inazungumzia kidonda. Mgonjwa hakutajwa. Nilikuwa nimeliona neno ninalolijua, nikalirukia, nikaacha mengine yote yaliyokuwa yamekaa pembeni yake.

Sikujifunza. Miaka minane baadaye nikalirukia tena.

Kaka yangu anavua dagaa. Mwanzoni mwa 2024 alitaka taa mpya na nyavu, akaenda kukopa milioni mbili na nusu kwa mkopeshaji mmoja mjini. Marejesho laki mbili na elfu sitini kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Nilikwenda naye kwa ajili ya karatasi. Zilikuwa kurasa tano za Kiingereza, herufi ndogo kama mbegu za mchicha. Ukurasa wa tatu ulikuwa na neno letu mara nne.

Mara ya kwanza: "a late payment charge of 5%". Hiyo nikaielewa vizuri, ni faini ya kuchelewa. Ya pili na ya tatu zilikuwa kwenye mstari mmoja: "All charges shall be charged to the Borrower's account." Nikasema, gharama zote zitaandikwa kwenye deni lako. Nilikuwa sahihi tena. Ya nne: "The Borrower hereby creates a charge over the boat engine described below."

Nikasoma neno kwa neno. 'Charge' ni gharama, tumeshaiona mara tatu kwenye ukurasa huu huu. 'Over' ni juu ya. Kwa hiyo, "Kuna gharama juu ya mashine ya boti."

"Gharama gani?" kaka akauliza.

"Labda bima."

Afisa alikuwa anaongea na simu. Ningeweza kusubiri amalize. Lakini kaka alikuwa ameshawaambia watu wawili waliokuwa kwenye foleni kwamba mimi ni mdogo wake na ndiye mtaalamu wetu wa Kiingereza, na mmoja wao alikuwa ameshanisogezea karatasi zake nimsomee. Mtaalamu hawezi kuuliza mbele ya wateja wake. Nikanyamaza. Kaka akatia sahihi na dole gumba kwa pamoja, maana hupenda kuhakikisha.

Maana ya sentensi ile ni hii: mkopaji anaiweka mashine ya boti rehani. Inabaki mkononi mwako, unaitumia, unavua nayo, lakini imefungwa kwa deni. Ukishindwa kulipa, mwenye deni ana haki ya kuifuata. Kwa wanasheria hiyo ni maana ya kawaida kabisa ya 'charge'. Wanayo hata ile wanayoiita "floating charge", inayoelea juu ya mali ya kampuni inayoingia na kutoka, kama bidhaa za ghalani. Nilipomwambia kaka baadaye, alisema basi sisi ya kwetu ilikuwa ya kuelea kweli, maana ilikuwa kwenye boti.

Mei ikafika, na ziwa likafungwa. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika upande wetu ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Sina ubishi na hilo, wazee wenyewe walikuwa wanalalamika mgebuka umepungua na dagaa hawaji kama zamani. Lakini marejesho hayakufungwa pamoja na ziwa. Mwezi wa tano kaka alilipa kwa akiba. Juni hakulipa. Julai hakulipa. Jumatano moja asubuhi pikapu ikashuka mpaka mchangani, vijana wanne wakafungua mashine kwenye boti iliyokuwa imelala juu ya magogo, wakaibeba begani kama jeneza. Mjomba alitaka kuleta fujo, kaka akamzuia. Akaniangalia mimi.

"Si ulisema bima?"

Sisemi walituibia. Walichukua walichoandika. Ninachowadai ni dakika tano za Kiswahili. Tangu 2021 sheria ya nchi hii imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mtu anashtakiwa na kujitetea kwa lugha aliyonyonya, lakini mvuvi wa dagaa anawekeshwa rehani kwa Kiingereza. Ningekuwa ninajua ningewaomba karatasi ya Kiswahili, au afisa atamke kwa mdomo wake, mbele yetu sote: nisipolipa mtachukua nini? Swali hilo halihitaji cheti. Kaka angeweza kuliuliza mwenyewe. Hakuliuliza kwa sababu alikuwa na mimi.

Kuikomboa kulitugharimu hivi: marejesho matatu, Juni, Julai na Agosti, laki saba na themanini, faini elfu kumi na tatu kwa kila mwezi, elfu thelathini na tisa, na laki moja na nusu waliyoiita "recovery charge", yaani gharama ya pikapu na wale vijana wanne. Tulilipia nauli ya mashine yetu kunyang'anywa. Jumla 969,000. Kaka aliuza mbuzi. Mimi niliuza sola zote mbili na betri, ubao wa CHAJI SIMU nikaubakiza kwa kuwa hakuna aliyeutaka. Mashine ikarudi Septemba ikiwa na pangaboi lililovunjika ncha.

Sasa sikuwa na kibanda. Nikapata kibarua cha kuandika mizigo hapo hapo Kibirizi: magunia ya unga, saruji, katoni za sabuni zinazovuka kwenda Kongo. Na hapo ndipo, baada ya miaka kumi na miwili ya kuteseka na neno hili, nilipokutana na asili yake, tena kwa mtu ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Mama mmoja mfanyabiashara wa Kalemie aliniuliza kwa Kiswahili chao cha ng'ambo, kilichochanganyika na Kifaransa, kama boti yake imekwisha 'charger'. Nikamjibu, kwa heshima zote, kuwa boti haina simu. Akacheka, akanishika bega. "Mwanangu, charger ni kupakia. Kuweka mizigo."

"Na kupakua je?"

"Décharger."

Nikasimama na kalamu mkononi. 'Charge', kupakia. 'Discharge', kupakua. Kwenye karatasi zile nilizokuwa nazijaza kila siku kulikuwa na mstari "port of discharge", nami nilikuwa naandika jina la bandari kwa mazoea tu, bila kujiuliza bandari inaruhusiwa kutoka hospitali gani.

Jioni nilikwenda Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma, kwa babu mmoja jirani yetu, karani mstaafu wa reli. Hao makarani wa zamani walizisoma karatasi za Kiingereza kwa kuogopa kukatwa mshahara, kwa hiyo waliziheshimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema neno hilo ni la mkokoteni. Kilatini waliita gari la kukokotwa 'carrus', wakatoa humo kitenzi cha kupakia gari, Wafaransa wakakichukua, Waingereza wakakichukua kwa Wafaransa. 'Car' na 'cargo' ni ndugu zake wa tumbo moja. "Wewe umezaliwa mji wa mizigo," akasema. "Reli imefika hapa 1914 kwa ajili ya mizigo. Kabla ya reli, Wanyamwezi walikuwa wanashusha mizigo Ujiji kutoka pwani, kichwani. Ukitaka kulielewa neno hilo, kila ukiliona jiulize: mzigo uko wapi, na nani kabebeshwa?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Betri imebebeshwa umeme. Mnunuzi amebebeshwa bei. Mshtakiwa amebebeshwa shtaka. Yule tunayemwita inchaji wa wodi amebebeshwa wagonjwa. Mashine ya kaka ilibebeshwa deni. Hata babu yangu mzaa mama, aliyekuwa na gobore, alipokuwa anashindilia baruti, kile kipimo cha baruti kwa Kiingereza ni 'charge', mzigo wa bunduki. Betri zenyewe lugha yake imeazima huko kwenye silaha: Benjamin Franklin na wenzake wa miaka ya 1740 walikuwa wanajaza umeme kwenye chupa kama mtu anavyojaza bunduki, na 'battery' lilikuwa tayari neno la mizinga iliyopangwa safu. Na ukiigeuza, 'discharge' ni kutua mzigo: meli inashusha shehena, mgonjwa anaachiwa, kidonda kinatoa uchafu, bunduki inafyatuka, askari anaondolewa jeshini, betri inaisha, mdaiwa anafutiwa deni.

Sokwe peke yake ndiye alinisumbua. Nilimuuliza babu mzigo wa sokwe uko wapi. Akafikiri, akasema, "Umewahi kugongwa na mtu aliyebeba gunia?" Sijui kama wataalamu wa lugha watakubali, lakini mimi naikumbuka hivyo hivyo.

Nilipoanza kulalamika kwamba Waingereza ni wavivu wa kutunga maneno, babu akanikata. "Wewe unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga simu, unapiga magoti, unapiga hodi. Nani hasa unayempiga?" Nikakosa jibu. Na alinihakikishia kuwa 'charge' si hata bingwa wao. Kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 ililipa neno 'set' maana 430.

Baada ya hapo nikawa na daftari. Silijazi maana za neno, nalijaza majirani zake, kwa sababu neno hili hutembea na kineno kidogo nyuma yake, na hicho kidogo ndicho kinachosema ukweli. Likifuatwa na 'for', ni bei. Likifuatwa na 'with', mara nyingi ni shtaka, ingawa linaweza pia kuwa jukumu mtu alilokabidhiwa. Likifuatwa na 'to', kuna hesabu ya mtu inayoandikwa, na ukiwa wewe ndiye mtu huyo, kaa vizuri kwenye kiti. Likifuatwa na 'at' kwenye habari za nyati au kiboko, mtu amekimbizwa. 'Free of' likitangulia, ni bure. Na likifuatwa na 'over' au 'on', halafu baada yake kuna kitu kinachoshikika, nyumba, kiwanja, mashine, weka kalamu chini.

Kuna mtego mmoja wa ukubwa wa sisimizi. "In charge of" ni kuwa msimamizi. "In the charge of" ni kuwa chini ya usimamizi wa mwingine. Hicho 'the' kinampindua bosi kuwa mtoto. Nilikiona kwenye fomu ya shule ya binti wa dada yangu, nikaisoma mara tatu kabla ya kukubali kwamba mtoto hajawekwa kuwa msimamizi wa matroni.

Watu bado wananiletea karatasi. Sikuacha, ila sasa nasoma kwa penseli, na nisichokijua nakizungushia duara mbele ya mwenye karatasi, aone kwa macho yake kwamba sijui. Mwanzoni iliniuma. Mzee mmoja alichukua karatasi yake akaondoka akinung'unika kwamba amepoteza muda. Wengine hukaa, tukapiga simu, tukauliza.

Mwezi uliopita kaka alikuja na karatasi nyingine, mkopo mwingine, mahali pengine, anataka pangaboi jipya na turubai. Kurasa nne. Tukaketi juu ya boti iliyopinduliwa. Neno letu lilikuwa humo mara tatu. La kwanza, faini. La pili, ada ya fomu. La tatu nikalizungushia duara. Tukaenda wote wawili mpaka ofisini, na safari hii kaka ndiye aliyeuliza, kwa sauti, foleni nzima ikisikia: "Hili hapa linachukua kitu gani changu?"

Afisa akavaa miwani. Akasoma, akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akasema ngoja ampigie mkubwa wake Dodoma. Mkubwa hakupokea. Tukarudi Kibirizi na karatasi yetu bila sahihi, kaka akiwa ameshika mfuko wa dagaa aliokuwa amemletea afisa kama zawadi, hakumwachia.